Meno Yasiyokoma Kuota

Elisaria alikuwa na miaka tisa, na meno yake ya mbele yalikuwa yameanza kuchungulia nje hata akifumba mdomo. Alipopanda kwenye kiti cha kliniki alijifunika kwa kiganja, kama alivyozoea kufanya shuleni. Kisha akakumbuka yuko wapi, akashusha mkono.

"Fungua, mama," Dk. Siaeli Akyoo alimwambia. "Leo nasaga kidogo tu. Hakuna maumivu, ni mtetemo."

"Kama wa wiki iliyopita?"

"Kama huo huo."

Kijiwe cha kusagia kilianza kuvuma, na harufu ya pembe iliyoungua ikajaa chumbani. Mtoto alikaza macho darini. Nyuma ya kiti mama yake, Nembris, alisimama amekumbatia mkoba wake kifuani. Alikuwa amekataa kukaa. Siku zote alikataa kukaa.

Siaeli alisaga mpaka ncha za meno zikalingana na mdomo. Kazi hiyo haikumsumbua, kwa sababu jino likirefuka chini unalikata, mtu anarudi nyumbani, na baada ya siku chache linarudi tena. Shida ilikuwa juu, pasipofikiwa na kijiwe. Aliizungusha kamera kandokando ya uso wa mtoto, na picha ya fuvu ikajitokeza kwenye ukuta wa kioo, nyeupe na ya kijivu, kubwa kuliko mtoto mwenyewe.

Nembris alisogea. Hakuwa amesoma udaktari, lakini alikuwa ameiona picha ile mara nyingi kiasi cha kujua pa kutazama.

"Umepanda," alisema.

"Umepanda kidogo."

Mzizi wa chonge la kulia ulikuwa umeupita mfupa wa taya na kuingia shavuni, mwembamba kama uzi wa mgomba. Kwenye picha ya mwezi uliopita ulikuwa umenyooka. Sasa ulikuwa umeinama, na ncha yake ilielekea kwenye tundu la jicho.

"Daktari, si uyang'oe tu? Awe kibogoyo. Vibogoyo si wanaishi?"

"Ya kushoto naweza, Mama Elisaria. Ya kulia yamejizungusha kwenye mshipa wa fahamu. Nikilivuta jino, nauvuta na mshipa. Nimewapelekea picha mabingwa wa hospitali kuu, na wao wamesema usiguse."

"Kwa hiyo tunasubiri nini?"

"Chachu."

"Chachu ipi? Ile ya chupa si mmesema haifanyi kazi tena?"

Siaeli alimshusha mtoto kitini, akamfuta kidevu.

Nembris hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma Siaeli zaidi. Ni Siaeli aliyemshauri. Elisaria alipopigwa teke na punda kwenye foleni ya kisima cha umande na kupoteza meno yote ya mbele ya juu, mama yake alimleta akiwa amemfunga kanga iliyolowa damu. Kidonda kilipopona, Siaeli aliwakalisha chini na kuwaeleza. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yangekuwa madogo kila mwaka, maana taya la mtoto linakua. Daraja lingehitaji kuchonga meno mazima ya pembeni ili lishikilie, na ni dhambi kuchonga jino zima la mtoto. Skrubu ya titani haikui pamoja na mfupa. Mtoto akirefuka, jino la skrubu linabaki nyuma kama mtu aliyeachwa na wenzake. Yakabaki meno hai. Unachota chembe ndani ya shavu la mgonjwa mwenyewe, unazilea maabara mpaka ziwe mbegu, unazifukia kwenye ufizi, na jino linaota kama lilivyoota la kwanza.

"Kama ni mwanangu, ningemwekea haya," Siaeli alikuwa amesema. Na alikuwa amesema kweli.

*

Nchi ya Meru ilikuwa imeyapokea meno hai kuliko mahali pengine. Maji ya mlima yaliwapaka watu meno rangi ya kahawia tangu enzi na enzi, yakayafanya yawe mepesi kuvunjika, na hata baada ya visima vya umande, vinavyokusanya maji ya ukungu, kuja na maji safi, waliokwisha kukua walibaki na vinywa vyao. Kampeni ya meno hai ilipofika, watu walijipanga. Wazee waliokuwa wakicheka huku wameinamisha uso wakaanza kucheka mbele za watu.

Kilichotakiwa ni uangalizi wa kila asubuhi tu. Mzizi uliooteshwa haujui kukoma wenyewe. Kwa hiyo watengenezaji walizalisha chachu, mdudu mdogo asiyeonekana anayeishi katikati ya ufizi na mfupa, na kazi yake ni moja: kuuambia mzizi basi. Ukiamka unasukutua chachu kutoka kwenye chupa, unatema, unakunywa chai. Watu waliifanya kama wanavyonawa uso.

Lakini chachu ilizaliwa kutokana na chachu, kama maziwa ya mgando yanavyogandishwa kwa masalia ya kibuyu cha jana. Kizazi baada ya kizazi, ilichoka. Hakuna aliyeharibu kitu, hakuna aliyeiba wala kuzembea. Siku moja kiwandani walipima wakakuta mdudu yupo, anaishi, anazaana, ila amesahau neno lake. Walipokwenda kuifungua akiba ya kizazi cha kwanza, iliyokuwa imegandishwa, haikuamka.

Tangu hapo madaktari wa meno wa nchi nzima walikuwa wakikwangua fizi za wagonjwa wao na kutuma sampuli Dodoma, wakitafuta kinywa kimoja, popote pale, ambacho chachu yake bado ilikumbuka.

Siaeli alikuwa anaosha vifaa alipopigiwa simu na Dk. Chilongani, mkuu wa maabara iliyokuwa ikizipokea sampuli hizo. Uso wake ulitokea ukutani, pale pale ilipokuwa picha ya Elisaria.

"Siaeli, keti," Chilongani alisema.

"Nimesimama vizuri tu. Sema."

"Tumeipata. Kizazi cha kwanza kabisa. Ina nguvu, inazuia mzizi hata ndani ya chupa, ingawa kwenye chupa inakufa baada ya saa chache. Imetoka kwenye kliniki yako. Jina hamkuweka, lakini kipande cha pamba kimefungwa kwa uzi mwekundu."

Siaeli aliketi.

Uzi mwekundu ulikuwa alama yake mwenyewe. Aliufunga kwenye sampuli ile kwa mzaha, wakicheka, sebuleni kwao, baada ya kumkwangua baba yake ufizi huku mzee akilalamika kwamba binti anamtekenya.

"Unamjua?" Chilongani aliuliza.

"Namjua."

"Basi nikueleze tunachohitaji, kisha uzungumze naye. Kuikwangua hakutoshi. Inaishi kwenye utando kati ya mizizi na mfupa, na ikitoka humo peke yake inakufa. Tunahitaji meno yote manne ya mbele ya juu, pamoja na ufizi wake na kipande cha mfupa, vikiwa vimeshikana. Ukitoa jino moja, damu itaingia kwenye mengine na kuiua iliyobaki. Nafasi ni moja."

"Mdomo wake wa juu je?"

"Utakufa ganzi. Huenda sehemu, huenda wote. Hatakuwa na mfupa wa kupandia kitu kingine. Atavaa meno ya bandia." Chilongani akaisogelea kamera. "Ni mtu wa makamo?"

"Ni mzee," Siaeli alisema. "Anapiga tarumbeta."

*

Mzee Anaeli Akyoo alikuwa uani, chini ya migomba, akiwafundisha vijana wa bendi ya usharika. Pasaka ilikuwa imekaribia. Siaeli alisimama kwenye kona ya nyumba akamwangalia. Baba yake aliweka tarumbeta mdomoni, akavuta pumzi, akatoa sauti moja ndefu, nyembamba, iliyonyooka, nao vijana wakaacha kupuliza vyao ili wasikilize.

Kinywa kile kilikuwa kimepitia kila kitu. Meno yake ya kahawia yalipooza akiwa bado kijana, alitengenezewa ya kuvaa. Akipiga noti ya juu yanateleza, na siku moja yalimtoka mbele ya kanisa zima. Akawekewa daraja, lakini meno ya pembeni yaliyolishika nayo yalikuwa dhaifu, likaanguka nayo. Akawekewa skrubu, na mfupa uliokonda ukaikataa. Kwa miaka kadhaa tarumbeta ilikaa juu ya kabati. Ndipo akasikia kwamba watafiti wanatafuta watu wa kujaribiwa meno hai, akajitolea kabla hata mkewe hajamaliza kumkataza. Yeye na wenzake wachache walichomwa chachu ya kizazi cha kwanza moja kwa moja ndani ya ufizi. Wenzake wote walikuwa wameshakufa kwa uzee.

Vijana walipoondoka, Siaeli alimwambia. Alimweleza kama anavyomweleza mgonjwa yeyote, hatua kwa hatua, kwa sababu hakujua namna nyingine. Mzee alisikiliza huku akiipangusa tarumbeta kwa kitambaa.

"Na baada ya hapo nitapiga?"

"Hapana, baba."

"Hata kidogo? Hata za chini?"

"Mdomo hautakuwa na hisia. Hutajua umeuweka wapi."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu sokoni na hataki kubishana.

"Wako wangapi hao wanaosubiri?"

"Wengi. Nchi nzima. Wengine wamepooza uso, wengine wamepofuka jicho, wengine wanasikia maumivu ya sikio usiku na mchana. Na watoto wapo."

"Na kama nikikataa?"

"Ukikataa, hakuna anayekujua. Chilongani hajui ni nani. Mimi ndiye ninayejua."

"Kwa hiyo unaniomba kama daktari au kama mwanangu?"

"Sijui," Siaeli alisema.

Mzee alicheka, na meno yake manne meupe yakaonekana, mazuri, yasiyolingana na mengine. "Siaeli, mama, nitatoa. Kwani nifanye nini? Nikae na pumzi yangu wakati watu wanapofuka? Lakini niachie Pasaka. Alfajiri ile ya ibada ya makaburini, nimpigie mama yako kwa mara ya mwisho. Jumatatu yake uning'oe."

Ilikuwa imebaki karibu wiki mbili.

"Kuna mtu ataumia nikisubiri?" mzee aliuliza.

Siaeli aliiona picha ya Elisaria, uzi ule ulioinama. Aliona pia mikono ya baba yake juu ya shaba, na kaburi la mama yake lenye maua ya plastiki yaliyopauka. Mzizi ungeweza kusimama wenyewe mwezi mzima. Alishaona hivyo kwa wagonjwa wengine. Ungeweza pia kukimbia kwa siku tatu. Hakuna kipimo kilichoweza kusema. Hata wangeng'oa kesho, maabara ingehitaji muda wa kuilea chachu, na hakuna aliyejua kama ingekubali.

"Mizizi haina ratiba, baba," alisema.

Ilikuwa kweli. Mzee akaisikia kama hapana, akashukuru, akainuka kwenda kuwafungia kuku. Siaeli alibaki amekaa, akijua mzee alivyosikia, na hakumwita arudi.

*

Juma lililofuata Elisaria aliletwa tena. Siaeli alisaga. Mzizi ulikuwa palepale, au ulionekana palepale. Kivuli cha mfupa wa shavu kilizuia kuona vizuri. Alijishika kwenye ile "palepale" kwa mikono miwili.

"Kuna habari yoyote Dodoma?" Nembris aliuliza.

"Wanaendelea kutafuta," Siaeli alijibu. Aliposikia maneno yake mwenyewe akaongeza haraka, "Kuna matumaini. Baada ya Pasaka huenda tukapata kitu."

"Baada ya Pasaka," Nembris alirudia, kama mtu anayeweka kitu mfukoni.

Alimpigia Chilongani mara mbili kumwuliza kama kuna njia nyingine. Hapakuwa na njia nyingine. Mara ya pili Chilongani alimwuliza, "Huyo mtu wako amekubali?" Akasema amekubali, ila anahitaji siku chache. "Simlaumu," Chilongani alisema. "Ni mwili wake. Hatuwezi kumfunga kamba." Siaeli akatamani mtu mmoja tu, popote, awe na haki ya kumfunga mtu kamba.

Alfajiri ya Pasaka ukungu ulikuwa mzito makaburini. Bendi ilijipanga nyuma ya mchungaji, tromboni na tuba na tarumbeta, na watu wakakaa kila mmoja karibu na wa kwake. Mzee Anaeli alikuwa amevaa suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Walipofika ubeti wa mwisho wenzake waliacha kupiga kama walivyokubaliana, naye akaendelea peke yake. Hakukosea mahali. Alipiga akitazama chini, kuelekea kwenye maua yale ya plastiki, na wanawake waliokuwa wakiimba wakashindwa kuendelea.

Siaeli alilia kama wengine. Alipoinua kichwa akawaona Nembris na Elisaria, safu chache kutoka pale. Mtoto alikuwa akimsikiliza mzee kwa kinywa wazi. Mkono wake ulikuwa juu ya shavu la kulia, ukilibonyeza na kuliachia, kulibonyeza na kuliachia, kama mtu anayejaribu kuamsha mguu uliokufa ganzi.

*

Siaeli alimng'oa baba yake Jumatatu asubuhi. Hakumwachia daktari mwingine. Mzee alikuwa amesema hataki mikono ya mgeni. Ganzi ilipoingia alimwuliza kama anasikia chochote, naye akatikisa kichwa, macho yamefumbwa. Alikata ufizi, akakata mfupa kwa msumeno mwembamba, akaviinua vyote kwa pamoja, meno manne yakiwa yamekaa kwenye kitanda chake kama yalivyokaa maisha yote. Vilikuwa vyepesi mno. Aliviweka kwenye chombo cha maji ya chumvi yenye joto la mwili, na droni iliyokuwa inasubiri uwanjani ikavichukua kabla hajamaliza kushona.

Chachu ilikubali. Chilongani alipiga simu akicheka na kulia kwa pamoja, nyuma yake vijana wa maabara wakipiga makofi. Baada ya siku kadhaa chupa za kwanza zilianza kufika wilayani.

Ila Jumatano ya juma lile la Pasaka, kabla chupa haijafika hata moja, Elisaria aliamka akamwambia mama yake kwamba mtu ameweka pazia upande mmoja. Jicho la kulia lilikuwa wazi, likiangalia, halioni. Upande huo wa uso ulikuwa umelegea, chai ikimtoka mdomoni bila yeye kujua. Walimpeleka hospitali kuu. Wakamrudisha. Mabingwa wakamwandikia Siaeli kwamba wamefanya uangalizi, ambayo ni lugha ya madaktari wakikosa la kufanya.

Chachu ya Mzee Anaeli ilipomfikia, ilifanya kazi yake. Mzizi ulikoma. Ulikoma pale ulipokuwa umefika.

"Kama angeipata kabla?" Siaeli alimwuliza Chilongani.

"Sijui."

"Nipe makisio."

"Siaeli, sijui. Huenda ingemwokoa. Huenda mshipa ulikuwa umeshabanwa zamani ukawa unangoja tu kufa. Unataka nikuambie nini?"

Siaeli alikata simu.

*

Nembris alikuja nyumbani kwa akina Akyoo Jumapili moja, baada ya ibada, na kibuyu cha maziwa na mkungu wa ndizi aliombebesha kijana wa bodaboda mpaka mlangoni. Habari ilikuwa imeenea, kama habari zinavyoenea: mtu aliyeitoa chachu ni Mzee Akyoo, yule wa tarumbeta. Elisaria alivaa gauni la kanisani na kipande cha kitambaa safi juu ya jicho.

Siaeli alikuwa jikoni akimwonyesha baba yake jinsi ya kuyatunza meno mapya ya bandia. Unayavua usiku ufizi upumzike. Unayasugua kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, juu ya beseni lenye maji, ili yakikuponyoka yasivunjike. Unayalaza kwenye maji baridi, si ya moto, maana ya moto yanayapinda. Mzee alikuwa akitii kila neno bila kutania. Hakuwa ametania tangu Jumatatu ile. Mdomo wake wa juu ulikaa umetulia wakati uso mwingine ukisogea.

"Mzee, shikamoo," Nembris alisema, akipiga goti. "Nimekuja kushukuru."

"Marahaba, mama. Karibu. Inuka, inuka, mama." Herufi zilimponyoka kidogo. Aliyapachika meno yake haraka, akageuka pembeni kama anaona haya. "Huyu ndiye nani?"

"Huyu ni mwanangu Elisaria. Chachu yako imeusimamisha mzizi wake. Daktari wa Dodoma amesema hautapanda tena. Bila wewe ungefika kichwani."

Mzee alimtazama mtoto. Akalitazama jicho lililofunikwa, shavu lililoshuka. Elisaria naye alimtazama mdomo.

"Babu, wa kwako unasikia?" mtoto aliuliza. Nusu ya maneno yake ilitoka upande mmoja.

"Hausikii."

"Na wangu hausikii. Nikinywa uji unamwagika."

"Kunywa kwa upande mzima, mjukuu wangu. Inamisha kichwa hivi." Mzee aliinamisha kichwa, na mtoto akamwiga. Kwa muda walikaa hivyo, wawili, vichwa vimelala upande mmoja.

Kisha mzee akauliza, "Jicho limeharibika lini?"

"Jumatano," Nembris alisema. "Jumatano baada ya Pasaka."

Mzee Anaeli aligeuza uso kumtazama binti yake, polepole, na Siaeli akaona hesabu ikijifanya yenyewe machoni mwake. Nembris, ambaye alikuwa amezoea kusoma nyuso za madaktari, alimwangalia mmoja kisha mwingine.

"Mzee ulitolewa lini?" aliuliza.

"Jumatatu ya Pasaka."

"Na waligundua lini kwamba unayo?"

Siaeli alisema, "Mama Elisaria—"

"Namwuliza mzee."

"Karibu wiki mbili kabla," mzee alisema. "Niliomba wanisubiri. Nilitaka kupiga ile alfajiri."

"Tulikuwepo," Nembris alisema. "Elisaria alisema hajawahi kusikia kitu kizuri kama kile." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ulikuwa unamjua mwanangu?"

"Sikumjua, mama. Wallahi—haki ya Mungu, sikumjua. Niliuliza kama kuna mtu ataumia."

"Ukajibiwaje?"

Mzee alikuwa ameweka mkono mdomoni, na vidole vyake vilikuwa vikiutafuta mdomo ulipo.

Nembris alimgeukia Siaeli. Hakupaza sauti. Huenda kama angepaza ingekuwa rahisi zaidi.

"Wewe ulikuwa unamjua. Juma lile lile ulimsaga meno. Nikakuuliza, ukaniambia wanaendelea kutafuta."

"Hakuna anayejua kama ingesaidia," Siaeli alisema. "Hata Dk. Chilongani hajui. Ingewezekana mshipa tayari—" Aliyasikia maneno yake yakitoka, sahihi, yote ya kweli, na hayakumfikia mtu yeyote mle ndani. Akayaacha.

Nembris aliinuka. Hakukichukua kibuyu, hakuyagusa maziwa. Yalikuwa yameshatolewa, na kitu kilichotolewa hakirudi. Alimfunga mtoto vizuri kitambaa cha jicho, akamshika mkono. Mzee naye aliinuka, akaanza kusema jina la mtoto, lakini herufi ya katikati ikapotea kwenye plastiki na kutoka kama pumzi tu. Akajaribu tena. Akakaa.

Mlangoni Elisaria alisimama. Alikuwa mtoto mwenye adabu, na hakuelewa ni nini kilichokuwa kimevunjika.

"Daktari, Alhamisi nije?"

Mizizi ilikuwa imekoma, lakini yale meno ya kushoto yalitakiwa kutolewa sasa, kabla chachu haijachoka tena, na ufizi wa kulia ulitakiwa kuangaliwa kila juma kwa miaka mingi. Kliniki nyingine ya meno hai ilikuwa mbali, ng'ambo ya mlima.

Siaeli alimtazama Nembris.

"Utakuja," Nembris alisema, akimvuta mtoto taratibu kuelekea nje. "Tutakwenda wapi kwingine?"